Ukimaliza Utakuwa Nani? Hotuba kwa Wanafunzi Wapya wa Sayansi ya Viumbe Hai

Mkuu wa kitivo, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na hasa ninyi wanafunzi mnaoanza masomo ya sayansi ya viumbe hai: salamu kwenu nyote, na karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie masomo haya na kazi zinazopatikana kwa kuyasoma. Naanza na swali ambalo wengi wenu mlishaulizwa kabla hata hamjafunga mizigo: "Ukimaliza utakuwa nani?" Anayesomea sheria analijibu kwa neno moja. Anayesomea uhandisi, vilevile. Anayesomea biolojia huanza kujiumauma, mwisho anasema "kuna mambo mengi tu," na aliyeuliza anaondoka na wasiwasi mkubwa kuliko aliokuja nao. Wasiwasi huo si wa kubezwa. Mzazi aliyejinyima ili mwanawe asome ana haki ya kujibiwa vizuri, na kijana anayetoa miaka mitatu au minne ya ujana wake ana haki hiyo hiyo.

Jibu langu ni hili. Shahada ya sayansi ya viumbe hai haina cheo kimoja kinachoisubiri. Inafundisha namna ya kumwuliza kiumbe hai swali na kupata jibu ambalo watu wengine wanaweza kulitegemea. Wanaoujua ufundi huo wanahitajika hospitalini, viwandani, mashambani, misituni, baharini, mahakamani na mbele ya kompyuta. Ila hakuna mwajiri atakayekuchukua kwa sababu tu cheti chako kimeandikwa biolojia. Atakuchukua kwa sababu ya kile unachojua kukifanya, na kwa sababu akikuachia kazi akaondoka, atarudi na kuikuta imefanywa sawasawa. Mengine yote nitakayosema leo yanatokana na hilo.

Niwape mfano mmoja, na nitakawia nao kidogo kwa sababu una mengi ndani yake.

Mwaka 1966 mtaalamu wa bakteria Thomas Brock alikuwa akichunguza chemchemi za maji moto katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani. Alikuwa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Hudson Freeze, kijana wa umri wenu. Wakati huo wataalamu wengi hawakutarajia kukuta bakteria wakistawi kwenye maji ya joto kali namna ile. Wawili hao walichukua sampuli, wakazipeleka maabara, wakafanikiwa kuotesha bakteria anayestawi kwenye nyuzijoto 70, maji ambayo ukitia mkono unaungua. Mwaka 1969 walichapisha maelezo yake na kumpa jina Thermus aquaticus. Mtu angewauliza siku hiyo bakteria huyo ana faida gani, wasingekuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba sasa tunajua uhai unafika mahali ambapo hatukudhani unafika.

Miaka ikapita. Mwaka 1983 Kary Mullis, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bayoteknolojia huko California, akabuni njia ya kunakili kipande cha DNA, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, ndani ya kichupa. Mchanganyiko unapashwa hadi karibu nyuzijoto 95 ili pande mbili za DNA ziachane. Unapozwa ili vipande vifupi vya kuanzishia vinate mahali pake. Kisha kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya viumbe, kinajenga upande mpya. Kila mzunguko unaongeza idadi maradufu, na mizunguko 30 inatosha kugeuza kipande kimoja kuwa nakala zaidi ya bilioni. Tatizo lilikuwa kimeng'enya chenyewe. Kila mchanganyiko ulipopashwa kiliharibika, na mtu alilazimika kukaa hapo hapo akiongeza kingine mzunguko baada ya mzunguko. Ndipo akakumbukwa bakteria wa Yellowstone. Watafiti wengine walikuwa wameshakitoa na kukisafisha kimeng'enya chake mwaka 1976, na kwa kuwa mwenyewe anaishi kwenye maji moto, kimeng'enya chake hakiharibiki upesi kwa joto. Kikitiwa kichupani mara moja, kazi inakwenda mpaka mwisho bila mtu kuigusa. Hiyo ndiyo PCR, ambayo jina lake lilijulikana hata kwa watoto wakati wa janga la UVIKO-19. Mullis alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1993.

Sasa hebu tazameni wanaopata riziki kwa njia hiyo leo. Yupo mtaalamu wa maabara anayekagua kama damu iliyotolewa ina virusi kabla haijaongezwa kwa mgonjwa. Yupo mkaguzi wa chakula anayetaka kujua kama nyama iliyomo kwenye kopo ni ya mnyama aliyeandikwa kwenye lebo. Yupo mtafiti wa wanyamapori ambaye kwa kinyesi tu hutambua mnyama gani amepita, dume au jike, na ana undugu na yupi. Yupo mzalishaji wa mbegu anayejua mche upi una jeni ya kustahimili ugonjwa wakati bado mche wenyewe una majani mawili. Watu hawa hawafanani kwa mavazi, kwa ofisi wala kwa vyeo, lakini wote walipita kwenye masomo yale yale ya mwaka wa kwanza mtakayoyaanza ninyi.

Kuhusu mahakama niongeze kidogo. Septemba 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alikuwa akichunguza sehemu za DNA zinazojirudia, akaona kwenye filamu ya eksirei mistari inayotofautiana kati ya mtu na mtu. Hakuwa akitafuta wahalifu. Miaka miwili baadaye polisi walimpelekea sampuli za kesi ya wasichana wawili waliouawa, na kulikuwa na kijana aliyekwisha kukiri mauaji ya mmoja wao. Kipimo kikaonyesha kwamba siye. Mhusika hasa alihukumiwa mwaka 1988. Nataka mlikumbuke tukio hilo kwa sababu moja: kazi ya kwanza ambayo DNA iliifanya katika upelelezi wa mauaji ilikuwa kumwokoa mtu asiye na hatia. Mliopo hapa mnaowaza sayansi ya jinai, huo ndio uzito wa kazi mnayoitaka. Ukichanganya vichupa viwili, kuna mtu atafungwa.

Mtasoma nini, basi? Mwaka wa kwanza kuna seli, jenetiki, biokemia, mageuko ya viumbe, ikolojia, mimea, wanyama na vijidudu. Baadaye kila mmoja anaanza kuchagua njia yake: mikrobiolojia, zuolojia, botania, viumbe wa baharini, kinga ya mwili, mishipa ya fahamu, na kadhalika. Walimu wenu watawaeleza hayo kwa kirefu. Mimi nataka kusema juu ya somo moja ambalo wengi wenu mtatamani kulikwepa, nalo ni takwimu.

Wapo waliochagua biolojia wakiamini wameikimbia hesabu. Nawaomba mmtazame Gregor Mendel. Kwa karne nyingi kabla yake watu walizalisha mimea na mifugo, wakaona kwamba watoto huchukua sifa za wazazi. Yeye alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya kwa uzito ule: alihesabu. Katika jaribio moja la njegere alipata mbegu za mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Gawanyeni wenyewe, mtapata karibu 3 kwa 1. Kutokana na uwiano huo, uliojitokeza tena na tena katika sifa nyingine, alibaini kwamba urithi hupita kutoka kizazi hadi kizazi kwa vitu kamili visivyoyeyukiana, na kwamba sifa inaweza kujificha kizazi kimoja na kuibuka kinachofuata. Aliwasilisha matokeo yake mwaka 1865, yakachapishwa mwaka uliofuata, na dunia haikuyatilia maanani mpaka mwaka 1900. Mendel alikuwa amesomea fizikia na hisabati huko Vienna. Bila hesabu ile, angekuwa mtunza bustani mwenye njegere nzuri.

Na siku hizi hesabu imezidi kuwa ya lazima. Kusoma jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, herufi karibu bilioni 3, kulianza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, na hata hivyo mapengo ya mwisho yalikuja kuzibwa karibu miaka 20 baadaye. Leo mashine moja inaweza kuisoma jenomu ya mtu kwa siku moja au mbili. Kazi ngumu imehamia kwingine: nani atazielewa herufi hizo? Mwenye kujua biolojia na papo hapo kuandika programu ya kuchambua data ana nafasi nzuri sana katika hospitali, kampuni za dawa na vituo vya utafiti wa mazao. Bayoinfomatiki inafunguka kwa mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta na subira, na huna haja ya kungoja mwaka wa tatu ndipo uanze. Anza na Python au R, lugha za kuandikia programu, muhula huu huu, hata kwa saa chache kwa wiki.

Naona wengine mnajiuliza kama kompyuta hazitachukua kazi yote. Programu ya AlphaFold imekisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na waliohusika nayo, Demis Hassabis na John Jumper, walishiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2024 pamoja na David Baker. Ni kazi kubwa mno, na mimi mwenyewe naistaajabia. Lakini programu hiyo ilijifunza kutokana na maumbo ambayo watu wa maabara waliyapata moja moja, kwa jasho, na kuyaweka kwenye hazina ya wazi tangu mwaka 1971. Na ikishakisia, lazima mtu aende maabara kuhakikisha. Kompyuta inahitaji watu wanaojua kutofautisha jibu linalovutia na jibu la kweli.

Kutofautisha huko hakujifunzwi kwa mihadhara. Hujifunzwa mezani, maabara, na hapo ndipo ningependa mtie moyo wenu wote.

Chukueni kitu kidogo kabisa: pipeti. Wiki ya kwanza mtapewa pipeti na kuambiwa mhamishe maikrolita mbili. Tone moja la maji lina kama maikrolita 50, kwa hiyo mnaombwa mhamishe sehemu ndogo sana ya tone. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Unakibonyeza hadi kituo cha kwanza ncha ikiwa bado hewani, unaizamisha ncha kidogo tu chini ya uso wa kimiminika, kisha unakiachia kitufe polepole. Ukikiachia kwa pupa, hewa inaingia na huna tena mbili, una moja na nusu. Ukizamisha ncha kupita kiasi, kimiminika kinashika nje yake na unahamisha zaidi ya ulichopima. Wakati wa kutoa unabonyeza mpaka kituo cha pili, na ncha imegusa ukuta wa kichupa. Yote hayo huchukua sekunde chache, na mwanafunzi anayeyafanya vizuri mara mia kwa siku bila kuchoka moyo nitamwandikia barua ya mapendekezo kwa furaha.

Kando ya vichupa vyenye sampuli kutakuwa na kichupa kimoja kisicho na sampuli yoyote. Kina kemikali zote na maji badala ya DNA. Hicho hakitakiwi kutoa jibu lolote. Mkimaliza PCR mtapitisha umeme kwenye jeli na kutazama mistari chini ya mwanga maalumu. Na siku moja, nawahakikishieni, mstari utaonekana kwenye kichupa cha maji. Maana yake kuna kitu kimechafuka mahali fulani, na matokeo yote ya siku hiyo, pamoja na yale mazuri uliyoyangoja, hayafai. Hakuna atakayekuona ukikikata kichupa hicho kwenye picha ya jeli kabla ya kuipeleka kwa mwalimu. Siku hiyo ndipo mtu anapoamua atakuwa mwanasayansi wa aina gani. Waajiri wanalijua hilo. Katika usaili wa kazi za maabara swali ambalo huulizwa sana ni "tueleze jaribio lililoharibika na ulichokifanya baada ya hapo." Kuwa na jibu la kweli.

Tabia hiyo ya kutopindisha matokeo ndiyo inayouzwa katika sekta kubwa ambayo wanafunzi huwa hawaifikirii kabisa, nayo ni udhibiti wa ubora. Chanjo, dawa, maji ya chupa, maziwa, vipodozi: kila shehena hupimwa kabla ya kutoka kiwandani. Mtu anaotesha vijidudu, anahesabu makundi yaliyoota kwenye sahani, anaandika, anatia saini. Saini yake ikikosekana, shehena haitoki. Kazi hii haipigiwi makofi, na miezi ya mwanzo inaweza kuchosha kwa kurudia jambo lile lile, lakini imewapa ajira ya kwanza wahitimu wengi wa biolojia duniani, na kutoka hapo watu hupanda kuwa wasimamizi wa uzalishaji, wakaguzi wa mamlaka za serikali, au waratibu wa majaribio ya dawa kwa binadamu.

Wanaopenda afya ya jamii, kumbukeni ni maradhi mangapi yalishindwa na watu waliofanya kazi pamoja bila kuwa na taaluma moja. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kutokomezwa. Mwaka 2011 ikawa zamu ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe kwa maelfu. Sotoka ilishindwa kwa msaada mkubwa wa chanjo ya Walter Plowright na wenzake, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, kwa kupitisha virusi kwenye seli zilizooteshwa maabara tena na tena hadi vikapoteza ukali wake. Walihitajika wa kutengeneza chanjo, wa kuitunza ikiwa na baridi, wa kuifikisha malishoni, wa kufuatilia mlipuko uliobaki, na wa kuhesabu. Katika orodha hiyo wapo madaktari wa mifugo, na wapo wanabiolojia wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hifadhi ya mazingira nayo ina mvuto wake, na najua kuna waliokuja hapa kwa ajili ya simba, nyangumi na tembo. Karibuni. Ila niwaambie ukweli wa kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya uhifadhi ni kuhesabu viumbe wasio na sifa, kuchora ramani, kuzungumza na watu wanaoishi karibu na hifadhi, na kuandika ripoti. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo nchi nyingi huitaka kabla barabara au bwawa halijajengwa, inahitaji mtu anayeweza kukaa kwenye kinamasi siku nzima na kusema kwa uhakika kuna aina gani za vyura mle. Wataalamu wa kutambua spishi wanapungua, wakati viumbe waliokwisha kuelezwa kisayansi ni karibu milioni mbili tu, na walio wengi bado hawajapewa hata jina. Kijana atakayejifunza kundi moja vizuri, tuseme kuvu, au buibui, au nyasi, atatafutwa na watu kutoka mbali. Nawasihi msidharau buibui.

Kuna njia nyingine nitazitaja kwa haraka tu. Ualimu, ambao bila huo ninyi msingekuwa hapa. Ushauri nasaha wa jenetiki, unaohitaji shahada ya pili na moyo wa kukaa na familia iliyopokea habari nzito. Uandishi wa habari za sayansi. Hataza, ambako makampuni huwalipa watu wanaoelewa sheria na molekuli kwa pamoja. Makumbusho na hazina za mimea iliyokaushwa. Uuzaji wa vifaa vya maabara. Ushauri wa sera serikalini. Hakuna iliyo ya chini kuliko nyingine.

Sasa nigeukie wale ambao biolojia haikuwa chaguo lao la kwanza. Mlitaka udaktari, alama hazikutosha au nafasi zilijaa, mkaletwa hapa. Ninyi ni wengi, na sitaki mkae kimya na maumivu yenu. Kwanza, mlango haukufungwa kabisa. Marekani, kwa kawaida mtu huchukua shahada ya kwanza kabla ya kuingia chuo cha udaktari, na wengi huchagua biolojia. Uingereza kuna programu za udaktari kwa waliokwisha kupata shahada. Angalieni taratibu za mahali mnapotaka kwenda. Pili, msiyageuze masomo haya kuwa benchi la kusubiria jambo jingine. Nimeona vijana wakipitisha miaka mitatu wakitazama dirisha la jengo la udaktari, wakatoka bila udaktari na bila biolojia. Tiba mpya nyingi huanzia kwa watu ambao hawajawahi kumwandikia mgonjwa dawa. Mikasi ya kijenetiki iitwayo CRISPR ilitokana na watu waliotaka kujua bakteria hujikinga vipi na virusi. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 jinsi ya kuielekeza ikate DNA mahali unapotaka, wakapata Nobeli mwaka 2020. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia mikasi hiyo. Mwenye selimundu anajua maumivu yale ni nini, na familia yake inajua. Tiba hiyo imeanzia kwenye maswali kuhusu bakteria.

Na wanaotaka kuwa watafiti, wale ambao macho yao yalimeta nilipomtaja Brock, nao nina la kuwaambia bila kuficha. Utafiti ni kazi nzuri kuliko zote ninazozijua, na ni kazi isiyo na uhakika. Uzamivu huchukua miaka kati ya mitatu na sita au zaidi. Baada yake kuna mikataba ya muda mfupi, mara nyingi katika mji au nchi nyingine, na nafasi za kudumu vyuoni ni chache kuliko wanaozitafuta. Katalin Karikó, aliyeanza na biolojia huko Szeged, Hungaria, alipigania wazo la kutumia mRNA, molekuli inayoipa seli maelekezo ya kutengeneza protini, kama dawa kwa miaka mingi huku maombi yake ya fedha yakikataliwa na cheo chake kikishushwa. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman walionyesha jinsi ya kuibadilisha mRNA ili mwili usiishambulie, na kazi hiyo ikawa msingi wa chanjo za UVIKO-19 na wa Nobeli yao ya mwaka 2023. Watu husimulia habari yake ili kuwahimiza vijana wavumilie. Mimi naisimulia pia ili mjue kwamba wapo waliovumilia vilevile na hawakufika, na hilo halikuwafanya wapumbavu. Kwa hiyo ingieni kwenye utafiti kwa kuwa mnalipenda swali, na njiani jifunzeni ufundi unaoweza kuwalisha hata kama nafasi ya chuo haikupatikana.

Jambo la vibali nalo ni muhimu, na wanafunzi huligundua wakiwa wamechelewa. Katika nchi nyingi, kusoma biolojia pekee hakukuruhusu kutia saini majibu ya mgonjwa hospitalini. Unahitaji programu iliyotambuliwa na baraza la taaluma hiyo, mafunzo kwa vitendo na usajili. Ualimu na ushauri nasaha wa jenetiki vina masharti yao. Kabla ya kuchagua masomo ya mwaka wa pili, nenda kwenye baraza linalohusika, uliza kwa maandishi, na tunza jibu. Usitegemee maneno ya korido.

Kuna mtu mmoja nisingependa kuondoka bila kumtaja. Wangari Maathai alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 huko Kansas, uzamili huko Pittsburgh mwaka 1966, na uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, katika anatomia ya mifugo. Dunia inamjua kwa Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977, na kwa Nobeli ya Amani ya mwaka 2004. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti alipoona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Angeweza kurudi na kupe wake tu. Jicho lililozoea kuchunguza lilimwonyesha kwamba ugonjwa aliokuwa akiutafuta kwa mnyama ulikuwa umeanza kwenye udongo.

Basi muhula huu fanyeni haya. Nunueni daftari la maabara lenye kurasa zisizochomoka, andikeni kwa wino, tarehe kila ukurasa, na msifute kitu: kosa likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Nendeni kwa mwalimu mmoja ambaye utafiti wake umewagusa, mkaombe kuosha vyombo na kuandaa vyakula vya kuoteshea bakteria. Msione ni kazi ya kudhalilisha, maana ndiko mtakakosikia mazungumzo ambayo hayamo kwenye mihadhara. Likizo ndefu itafutieni mafunzo kwa vitendo tangu sasa, kwa sababu nafasi hujaa mapema. Jifunzeni kuandika ripoti fupi ambayo mtu asiye mwanabiolojia anaweza kuielewa. Na anayekwama kwenye takwimu aje ofisini kwangu kabla ya mtihani, asije baada yake.

Wazazi, mkipigiwa simu mwezi wa pili na kuambiwa masomo ni magumu, mwambieni mtoto aende kwa walimu wake. Tupo, na tunataka kumwona. Nimemaliza yangu. Nina nusu saa ya maswali, na ningependa tuanze na wanafunzi waliokaa nyuma.